Alikufa Bila Shida

Ukimletea neno la Kiingereza, hakukuambia maana yake. Alikuuliza kwanza, "Limekaa wapi?" Ikabidi umsomee mstari mzima, na mara nyingi mstari uliotangulia na ule unaofuata, huku amefumba macho na kidevu kimezama kwenye ukosi wa koti. Wateja wageni walidhani amelala. Hata mimi nilidhani hivyo miezi ya kwanza. Kisha angesema, "Hapo lina maana hii," na akishasema hakurudia.

Sote tuliofanya kazi katika jengo lile la Machakos mjini tulimwita Mkalimani. Juu kulikuwa na ofisi za mawakili, chini maduka. Mimi nilikodi chumba chini ya ngazi, nikawa nawachapia watu barua, mikataba na hati za viapo. Yeye hakuwa na chumba. Alikuwa na benchi mlangoni kwangu, na benchi lenyewe lilikuwa la Mama Zuhura wa duka la pili, aliyeuza vitambaa na chai ya tangawizi. Kazi yake ilikuwa hii: mtu asiyejua Kiingereza akitakiwa kuweka kidole gumba kwenye hati, wakili humwita Mkalimani apande juu, amsomee mtu huyo kwa Kikamba au Kiswahili, kisha atie sahihi chini kwamba amesoma na mwenye kidole ameelewa. Aliifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Mimi nilimjua kumi na sita ya mwisho.

Alipenda kusema kwamba neno la Kiingereza ni kama mpangaji wa mji wa Mlolongo. "Leo analala ploti hii, mwezi ujao amehamia ile ingine, na jina ni lile lile. Usimfuate kwa jina, mwiitu. Uliza analala wapi." Mwiitu ni binti kwa Kikamba. Aliniita hivyo mpaka nilipokuwa na wajukuu.

Koti lake lilikuwa la kahawia, limefifia mabegani. Katika mfuko wa kulia alibeba miwani iliyofungwa uzi, na katika mfuko wa kushoto kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Kitambaa hicho kilikuwa cha vidole. Mzee akishaweka kidole kwenye wino na kwenye karatasi, Mkalimani aliushika mkono wake na kuufuta mwenyewe, polepole, mpaka ukucha. Mawakili walikuwa na haraka, walimwambia amwache akanawe nje. Hakuwasikia. Alisema si vizuri mtu kurudi nyumbani na karatasi kidoleni. Ndiyo maana koti lilinuka mafuta ya taa, na ndiyo maana Mama Zuhura hakumruhusu kukaa karibu na vitambaa vyake.

Hawa wawili walitaniana kila siku. Ukoo wa Mama Zuhura umekaa mjini humu tangu enzi za babu zake, lakini nyanya yake alitoka pwani, na yeye alijivunia Kiswahili cha nyanya. Mkalimani alimjia na neno asubuhi kama mtu anayekuja kuomba chumvi.

"Mama Zuhura, 'settle' ni nini kwa Kiswahili?"

"Si unajua wewe. Kutulia."

"Mtu ametulia kwa shamba ya wenyewe?"

"Hapo amelowea."

"Na vumbi ikienda chini?"

"Limetua."

"Na mashemeji wakiacha kuteta?"

"Hao wamepatana. Kunywa chai, mzee. Kiswahili chenu cha bara kina njaa."

Alikunywa chai hiyo akiwa amemaliza kusoma tu, hata kama imepoa na kufanya utando. Akiwa na karatasi mkononi hakugusa kikombe.

Sitaki kumfanya malaika. Alichelewa kila mahali. Aliwavumilia wazee wasiosikia vizuri, akarudia sentensi mara nne bila kupandisha sauti, lakini wakili kijana akikosea neno moja alimkata mbele ya mteja wake. Hakupenda kusahihishwa. Siku moja, nilipokuwa bado mgeni, nilimwambia kwamba neno alilonipa halikuonekana hivyo kwenye kamusi yangu. Hakuniamkia wiki nzima. Na mtu huyu aliyesemea watu kutwa hakuwa na maneno ya kwake mwenyewe. Binti yake mkubwa, aliyefanya kazi Mlolongo, alikuwa akipita pale kumletea dawa za presha. Mara moja alikaa na mimi akimngoja ashuke, akaniambia bila hasira, "Baba anaongea na watu wote isipokuwa sisi. Akifika nyumbani anakula, anazima redio, analala. Mama anajua habari zake kutoka kwa majirani."

Lakini jambo tulilomchekea zaidi lilikuwa neno ishu.

Kila mtu Machakos sasa anasema ishu. Mwendesha boda akikukosea nauli anasema hakuna ishu. Mwalimu akiwa na ugomvi na mwenzake, wana ishu. Gari likizimika, lina ishu. Mkalimani hakuweza kulisikia neno hilo. Nilimwona kwa macho yangu akishuka kwenye boda iliyokuwa tayari imewashwa, kwa sababu kijana alimwambia, "Panda mzee, hakuna ishu." Akashuka, akatembea mpaka stendi na mguu wake mbovu. Kijana akabaki ameshika usukani akituangalia sisi, kana kwamba tutamweleza. Tulicheka tu.

Mama Zuhura alimuuliza kwa nini linamkera hivyo.

"Mmeacha maneno yenu yote," akasema. "Shida, tatizo, jambo, hoja, kero, utata. Zote mmetupa kwa shimo moja."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Hata hivyo nilisikia mara nyingi akiwahoji mawakili vijana juu ya neno hilo hilo kwa Kiingereza. Aliwapangia maana zake kwa vidole. Gazeti la leo ni 'issue'. Kitambulisho kikitolewa, kime-'issue'-wa. Yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, Biblia ya Kiingereza inasema alikuwa na 'issue' ya damu. Jambo wanalobishania mbele ya hakimu ni 'issue'. Halafu angebaki ameinua kidole cha tano, na kama kijana ni mwerevu angeongeza mwenyewe: na watoto wa marehemu, mzee. Watoto wa kuzaliwa ni 'issue'.

"Kwa nini hamwandiki tu watoto?" aliwauliza. "Muko na 'children'. Muko na 'offspring'. Muko na 'heirs'."

Wakamjibu kwamba ndivyo inavyoandikwa. Alitikisa kichwa akarudi kwenye benchi. Niliona hayo kuwa majivuno ya mzee anayetaka kuwaonyesha wasomi kwamba naye anajua. Nilikuwa nimechoka naye, kusema kweli. Mtu akikaa mlangoni kwako miaka kumi na mitatu, unaacha kumwona.

Siku mwanamke wa Ekalakala alipokuja, nilikuwa nachapa mkataba wa shamba na sikuinua kichwa. Kulikuwa na joto, stima ilikuwa inakatika na kurudi, na kila ikirudi nilianza ukurasa upya. Nilisikia tu sauti ikiuliza kama hapa ndipo penye mzee anayesoma karatasi.

Alikuwa na miaka kama thelathini na tano, amevaa sweta ya kijani na kilemba, na karatasi zake alizifunga kwenye mfuko wa unga wa nailoni. Alimsalimu Mkalimani kwa Kikamba, kwa heshima, akaketi kwenye ncha ya benchi. Alisema alilelewa na nyanya yake, susu kwa Kikamba, mama ya baba yake. Mama yake aliondoka akiwa mdogo sana, hakurudi. Baba yake akafa. Nyanya naye amekufa mwaka uliopita, na sasa baba yake mdogo anamwambia aondoke shambani kwa sababu hana chochote pale. Ana karatasi, amemwonyesha. Mwanamke aliomba nakala kwa chifu. Anataka kujua inasema nini.

"Kwani hukuenda shule?" Mkalimani akamuuliza.

"Nilifika darasa la sita. Hii Kiingereza si ya darasa la sita."

Mkalimani akavaa miwani. Ilikuwa hati ya kiapo ya nyanya, ya zamani, imepigwa kwa taipureta. Akaisoma mstari kwa mstari. Mimi nyanya fulani, mkaaji wa mahali fulani, naapa kwamba marehemu alikuwa mwanangu. Kwamba alikufa tarehe fulani. Kisha akasimama. Kusimama kwake ndiko kulikonifanya niinue kichwa, maana hakuwa mtu wa kusimama katikati ya sentensi.

"Hapa imesema alikufa bila mtoto," akasema.

Mwanamke akamwangalia. "Bila mtoto namna gani?"

"Hakuacha mtoto. Ndiyo maana shamba likaenda kwa ndugu yake."

"Na mimi?"

Mkalimani akaupitishia kidole mstari ule tena.

"Hapana," mwanamke akasema. Aliongea taratibu, kama anayemrekebisha mtu aliyekosea njia. "Hiyo karatasi najua. Susu aliniambia inasema nini, mara nyingi. Inasema baba yangu alikufa vate thina. Bila shida. Susu alikuwa anasema hata karatasi ya wakili inajua mwanangu hakuteseka. Alilala tu, hakuamka. Hiyo ndio susu aliwekea kidole."

Mama Zuhura alikuwa amekuja mlangoni na birika. Akabaki hapo amelishika.

Mkalimani aliigeuza karatasi na kuangalia chini, palipo na alama ya kidole cha nyanya, nyeusi, imesambaa upande mmoja. Chini yake palikuwa na mstari wa aliyesoma na kueleza kwa Kikamba. Alikaa akiangalia mstari huo muda mrefu. Stima ikarudi, mashine yangu ikalia, sikuigusa.

"Hii sahihi ni yangu," akasema.

Kisha mwanamke akainama kidogo ili amwone uso, akamtazama kwa makini.

"Ni wewe," akasema. "Nilikuwa hapo nje na kiondo cha susu. Ulitoka na yeye, ukaniambia nimshike mkono, ngazi ni mbaya."

Nadhani angemtukana ingekuwa afadhali. Mkalimani alivua miwani, akaanza kuifuta kwa kile kitambaa cha mafuta ya taa, akaiharibu kabisa.

"Sikumbuki," akasema. "Nakuomba unisamehe, sikumbuki wewe wala susu yako. Nimesoma karatasi nyingi. Lakini neno nalikumbuka."

Akaeleza mbele yetu sote, macho yameelekea sakafuni. Miaka ya mwanzo, neno 'issue' lilipokuja, yeye alilijua kama kila mtu alivyolijua: shida, tatizo. 'Died without issue.' Alikufa bila shida. Aliwasomea watu hivyo, nao walifurahi. Mama aliyefiwa anapenda kusikia hivyo. Miaka ikapita, siku moja alimsikia wakili akimweleza mteja maana ya neno lile: ni watoto. Akaenda nyumbani, hakula. Hakumwambia mkewe wala padre. Alijaribu kukumbuka ni nani na nani aliwasomea hivyo, hakuweza. Akajiambia karatasi zilishapita, labda hazikudhuru mtu. Tangu siku hiyo ndipo alipoanza kuuliza neno limekaa wapi.

"Kwa hivyo ulijua," mwanamke akasema.

"Nilijua kuna mtu. Nilikuwa nangoja nione ni nani atakuja."

"Ungetutafuta."

"Ndio," akasema. "Ningewatafuta."

Mwanamke alikusanya karatasi zake, akazirudisha kwenye mfuko wa unga, akaufunga fundo mara mbili. Mama Zuhura alimmiminia chai. Aliinywa yote, kwa sababu alikuwa amesafiri tangu alfajiri na njaa haingoji mtu amalize kulia. Lakini hakulia. Alimuuliza Mkalimani swali moja tu: sasa itakuwaje?

Kilichofuata nilikichapa mwenyewe. Siku ya pili Mkalimani alikuja mapema, jambo ambalo halikuwa desturi yake, akaniambia nifungue ukurasa mpya. Alitaka kuapa hati yake mwenyewe: kwamba yeye ndiye aliyesoma, kwamba alisoma vibaya, kwamba yule nyanya hakuwahi kukubali kwamba mwanawe hakuwa na mtoto, kwa kuwa hakuwahi kuulizwa. Aliisema kwa Kiswahili, mimi nikaitia kwa Kiingereza. Tulifika kwenye lile neno. Nikamuuliza niandike vipi.

"Andika lile alilosikia susu," akasema. "Halafu andika lile lililokuwa kwa karatasi. Yakae pamoja, mtu ayaone."

Wakili wa juu, mtu mwema, aliteremka na ile hati mkononi. Alimwambia, "Mzee, hii ikisomwa, hakuna mtu atakuita tena. Kila hati uliyotia sahihi itatiliwa shaka. Mawakili watakukimbia. Acha huyu mama atafute mashahidi wengine, majirani wapo, chifu yupo."

"Majirani hawakusoma karatasi," Mkalimani akasema. "Mimi nilisoma."

Na ikawa kama wakili alivyosema. Waliacha kumwita, kwanza mmoja, kisha wote. Alileta mwili wake kwenye benchi kila siku, lakini hakupanda ngazi. Badala yake wakaanza kuja watu na karatasi za zamani. Habari ilikuwa imefika Masinga, Mwala, Kathiani. Wajane, watoto wa wajane, wazee wenye hati zilizokunjwa mpaka zikatoboka kwenye mikunjo, wote wakitaka wasomewe upya. Alikaa nao kutwa. Karatasi nyingi hazikuwa na kosa lolote. Watu walitaka tu kusikia tena kile walichowekea vidole miaka ile. Ikawa anatoka hapo jioni sauti imekauka, ngozi ya uso imekuwa ya majivu. Mama Zuhura alimwambia atakufa. Akasema, "Nikimaliza hawa." Hawakwisha.

Kesi ya yule mwanamke ilikwenda na kuahirishwa miaka mitatu. Mara hakimu anaumwa, mara faili haionekani, mara baba mdogo hakufika. Mkalimani alihudhuria kila mara, hata siku ambazo hakuhitajika. Mwanamke alimpa mkono, wakasalimiana, wakakaa benchi moja bila kuzungumza. Wakati huo baba mdogo alikuwa ameshauza sehemu ya juu kwa mtu aliyejenga nyumba ya mawe na kuzungushia ua, na mtu huyo hakuwa na kosa lake. Kama baba mdogo alijua maana ya lile neno siku ile au hakujua, hatukupata kujua. Aliapa kwamba yeye pia hajui Kiingereza. Aliyeiandika hati alikuwa amekufa zamani. Mwishowe wazee wa ukoo wakawakalisha chini, wakapatana, wakapeleka mapatano yao yaandikwe. Mwanamke akapewa kipande cha chini, upande wa korongo, chenye mawe mengi, pamoja na mahali ilipokuwa nyumba ya susu wake.

Alipita kwangu kutoa nakala ya mapatano hayo. Nikamuuliza kama ameridhika.

"Ndengu inakubali pale," akasema. "Mahindi hapana."

Nikamwambia Mkalimani yuko nje, amuage.

"Nimemwona," akasema. Akapita mbele ya benchi, akampa mkono, akaenda zake kutafuta gari. Sikuona uso wa mzee, maana alikuwa amenipa mgongo.

Mwezi huo huo aliacha kuja. Mama Zuhura alilitoa benchi pale akaliweka ndani, akapanga marobota ya vitambaa juu yake. Nikapata nafasi mlangoni, nikaweka meza ya bahasha na kalamu. Ninaona haya kusema kwamba biashara ilikuwa bora zaidi.

Nilimwona tena mwaka huu, kabla ya mvua. Binti yake wa Mlolongo alinipigia simu akasema baba ananiomba nimchapie hati ya kugawa shamba lake kwa watoto wake wote watano, wana na mabinti, akiwa bado hai. Alinisomea maneno yote kwa simu, nami nikayatia kwa Kiingereza kinachotakiwa na ofisi ya ardhi. Halafu akasema ombi la pili: niilete mwenyewe mpaka nyumbani, Iveti. Mama lazima akubali kwa kidole, na baba hataki kuisoma yeye.

Nilipanda na boda mpaka barabara ilipoishia, nikamaliza kwa miguu. Nina presha pia siku hizi, nilipumzika mara tatu. Nyumba ilikuwa ya matofali, ndogo, imefagiliwa. Mkalimani alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amekonda mpaka masikio yakaonekana makubwa.

"Watya, mwiitu," akanisalimu. Akaniuliza juu ya Mama Zuhura, juu ya ngazi, kama wameitengeneza. Nikamwambia bado.

Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kumwona. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti nzito, asiyejua kusoma hata jina lake. Alinipa kiti, akanipa maji, akaketi kwenye kigoda mbele yangu, miguu ameinyosha.

"Haya," akasema. "Soma."

Nilimtazama Mkalimani.

"Soma wewe," akasema. "Mimi nisitie neno."

Nikasoma kwa Kikamba, kipande kwa kipande. Kitinda mimba anapata upande wa kahawa ya zamani. Mkubwa wa kiume anapata upande wa langoni. Binti wa Mlolongo anapata nyuma, penye miti ya mkaratusi. Nilipofika mwisho nikatoa kibweta cha wino mkobani, nikakifungua, nikakiweka kwenye goti langu. Mama hakukiangalia.

"Kisima ni cha nani?" akauliza.

Nikatafuta. Haikusema.

"Andika kisima ni ya wote. Na huyu msichana wa nyuma, akitaka kufika kwake na kiondo kichwani, atapitia wapi? Kwa shamba ya mkubwa? Na bibi ya mkubwa akikasirika?"

Nikatafuta tena. Haikusema njia pia. Nikatoa kalamu, nikaandika pembeni ya ukurasa, nikamwambia nitaichapa upya.

"Na hapo umesema nikikubali. Nimekubali nini? Kwamba mnatoa sasa, ama kwamba mnatoa tukikufa?"

"Sasa," nikasema.

"Na sisi tutalala wapi kesho?"

Nikamweleza. Akanikatiza. Nikamweleza tena kwa maneno mengine, naye akayarudia kwa maneno yake mwenyewe, hayakuwa sawa na yangu, nikamrekebisha, akayarudia tena. Jua lilihama kutoka ukutani mpaka miguuni petu. Koo lilinikauka. Kuku walipita katikati yetu. Mara mbili nilidhani tumemaliza nikasogeza wino, na mara mbili akainua mkono. Hakuwa na haraka hata kidogo. Nadhani alikuwa akiuliza maswali yote ya miaka arobaini ya ndoa kwa mara moja. Nilimwangalia Mkalimani nikitumaini atanisaidia, ataingilia, atasema basi. Alikuwa amemkazia mkewe macho, midomo yake ikienda kidogo bila sauti, na kila mama alipouliza swali alitikisa kichwa, mara moja, kukubali.

Nilipofunga karatasi nikasema, "Mama, sasa umeelewa? Tuweke kidole?"

Akawaza. Akaangalia miti ya mkaratusi kule nyuma, akaangalia njia ambayo haikuwa imeandikwa bado.

"Soma tena," akasema. "Kutoka juu."

Nikafunga kibweta cha wino, nikanywa maji yaliyobaki, nikaanza tena.